Kereng'ende wa trei ya mayai: miguu haishiki

Mama wa Kisauni:
Asalaam aleikum wanajamvi. Binti yangu wa gredi ya nne ameagizwa kutengeneza mfano wa mdudu kwa vitu vya nyumbani, naye amechagua kereng'ende, kwa kuwa tangu vuli ianze wamejaa uani kwetu, juu ya kamba za nguo. Tulikata vikombe vinne vya trei ya mayai, tukaviunganisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha tukatia miguu ya chelewa na mabawa ya karatasi. Asubuhi tulikuta miguu minne imeanguka, mabawa yamelegea kwa unyevu, na sisimizi wamejipanga kwenye uji. Mtoto amevunjika moyo, nami sitaki kumfanyia kazi yake. Tufanyeje?

Mwalimu, Likoni:
Waaleikum salaam, dada. Kabla ya kuzungumzia gundi, naomba kujua miguu mliibandika wapi.

Mama wa Kisauni:
Miwili katika kila kikombe, isipokuwa cha kichwa.

Mwalimu, Likoni:
Basi hapo ndipo penye kosa. Mwili wa mdudu una kichwa, kifua na tumbo, na miguu yote sita pamoja na mabawa yote manne hutoka kifuani. Tumbo la kereng'ende ni jembamba, lina pingili kumi, wala halibebi mguu hata mmoja. Mngekifanya kifua kigumu na kukipa kazi yote, kama alivyoumbwa, mfano ungekuwa sahihi na miguu isingeanguka.

Fundi wa Majengo:
Naafikiana na mwalimu, na ninaongeza jambo la kifundi. Trei ya mayai hunywa unyevu wa bahari, kwa hiyo kifua kikatwe kutoka soli ya ndara kuukuu, kipande kinene cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Kichomwe sindano ya kushonea magunia mara tatu, kutoka ubavu hadi ubavu, kisha kila tundu lipitishwe chelewa moja ndefu: chelewa tatu, miguu sita, bila tone la gundi, kwa sababu sponji ya ndara huibana chelewa yenyewe. Chelewa iwe mbichi, na penye goti ivunjwe kidogo bila kukatika. Miguu ielekee mbele, kwani kereng'ende hatembei nayo sana. Huikunja mfano wa kikapu akadaka mbu angani. Tumbo liwe gazeti lililoviringishwa kwa kukazwa, na uzi ufungwe mara tisa ili pingili kumi zionekane. Macho yake ni makubwa mno, karibu yafunike kichwa kizima, na hapo sijaona kinachoshinda komwe mbili za bao zilizobanwa pamoja.

Bi. Mpenda Wadudu:
Mabawa yatoke kwenye chupa angavu ya maji. Tafadhali msiyakate manne yakalingana, kwani ya nyuma ni mapana zaidi, hasa karibu na mwili. Hao wa vuli huenda ni Pantala flavescens, na mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alieleza kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldivi hadi Afrika Mashariki. Upana huo huwasaidia kuelea kwenye upepo bila kupiga mabawa kila mara. Chaneni mistari miwili mgongoni mwa ndara kwa wembe (kazi hiyo ifanye wewe, mama), mchomeke mabawa yakiwa yamenyooka kando, wala msiyakunje juu ya mgongo.

Mama wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Chelewa tatu zimepita leo alasiri na binti amezichoma mwenyewe. Amening'iniza kereng'ende dirishani kwa uzi, na upepo ukivuma mabawa hutikisika bila kuchomoka. Limebaki jambo moja: komwe zinateleza, hazishiki kwenye karatasi ya kichwa.

Fundi wa Majengo:
Zikwaruze upande mmoja kwa msasa, kisha utie gundi nyeupe ya mbao na uzifunge kwa uzi hadi kesho.