Naomba ushauri: watoto wanakunywa uji wa lishe vizuri ila mizani haipandi

Mhudumu_wa_Kitongoji
Habari zenu wapendwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, vijijini Dodoma. Nina kikundi cha akina mama 30 wenye watoto wa miezi 6 hadi 23. Kila mmoja alichanga elfu tano, tumesaga unga wa lishe kilo 60: mahindi 20, mtama 10, uwele 10, ulezi 5, soya 8, karanga 7. Jumamosi ni siku ya mizani na ndiyo siku ya kugawa, kilo mbili mbili. Watoto wanaupenda uji, kikombe kinaisha, lakini uzito umesimama na akina mama wameanza kuninung'unikia. Tuongeze nafaka gani? Nasikia ngano na mchele. Naomba majibu ya haraka, usingizi sipati.

Fundi_Mashine
Dada, soya na karanga hazisagwi pamoja na mahindi. Zina mafuta, zinaziba chekeche, mashine inapata moto na unga unatoka na harufu ya kuchacha ndani ya wiki chache. Saga nafaka kavu kwanza. Karanga zitwangwe nyumbani kidogo kidogo, za siku tatu nne. Na unga wa kwanza kutoka mashineni usiuchanganye na wa watoto, una mabaki ya mteja aliyetangulia.

Kijiko_Kimoja
Usiongeze nafaka yoyote. Mahindi, mtama, uwele na ulezi ni kundi moja la chakula, na ya tano haileti kitu ambacho nne hizo hazina. Kila moja inaiva kwa muda wake, na mtoto akiharisha hutajua kilichomdhuru. Niambie kitu kimoja: wanapika vijiko vingapi vya unga kwa lita ya maji?

Mhudumu_wa_Kitongoji
Vijiko saba vya chakula. Ndivyo tulivyowafundisha, uji uwe laini mtoto anywe mwenyewe kwa kikombe.

Kijiko_Kimoja
Basi hesabu iko hapo. Vijiko saba ni kama gramu 70 za unga, yaani takriban kilokalori 250 kwa lita nzima. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Tumbo lake hubeba gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 anajaa kwa robo lita. Ili apate hizo 300 kwa uji wenu, ajaze tumbo mara tano kwa siku. Hawezi, na akijaribu ataacha kunyonya. Anashiba maji.

Pikeni uji mzito: vijiko vinne vilivyojaa kwa kikombe cha robo lita, udondoke polepole kijiko kikiinamishwa. Alishwe kwa bakuli na kijiko. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti kinaongeza kilokalori 40.

Akiukataa kwa uzito wake, tumieni kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili huku ukiusuuza, anika ukauke kabisa, pukuchua vimizizi, saga. Ukinuka uvundo au ukiota ukungu, tupa. Uji mzito ukishaiva, uepue upoe kidogo, tia kijiko cha chai kwa kikombe, koroga. Utalainika wenyewe bila maji kuongezwa. Rudisha jikoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu kimea kibichi hubeba vijidudu.

Baba_Mlezi
Mimi nitasema ukweli hata ukiuma. Tatizo la vijijini siyo unga, ni yai linaloenda mnadani na kurudi limekuwa soda na biskuti. Na akina baba wako wapi? Mnawafundisha akina mama peke yao wakati mwenye kauli juu ya kuku na kunde za ghalani ni baba. Waiteni wanaume siku ya mizani!

Uwele_Mweupe
Baba Mlezi, kwa nyumba yenye kuku ni sawa. Kwa nyumba isiyo na akiba, elimu peke yake hainenepeshi mtoto, na tafiti nyingi zimeonyesha hivyo: pasipo chakula cha kutosha, mafunzo yaende na chakula au fedha. Hao mama wamechanga elfu tano. Tuwasaidie ifanye kazi.

Ghala_Kavu
Nimesoma mara mbili, karanga kilo 7 zinanisumbua. Zilitoka wapi? Na soya mliiandaaje?

Mhudumu_wa_Kitongoji
Soya tuliianika tukasaga. Karanga tulinunua kwa mchuuzi wa gulioni.

Ghala_Kavu
Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo kusaga protini. Huwekwa kwenye maji yanayochemka dakika 20 hadi 30, inamenywa, inakaushwa, ndipo inakaangwa na kusagwa. Hilo nalo linaweza kurudisha uzito nyuma. Karanga zilikuwa nzima au chenga? Bei yake ilikuwa sawa na ya wengine?

Mhudumu_wa_Kitongoji
Nusu bei. Zilikuwa chenga na zilizosinyaa, zilinyeshewa kidogo. Lakini jamani, elfu tano haitoshi, na karanga nzuri ni ghali! Tulitoa zenye ukungu unaoonekana, tukakaanga mpaka zikaiva. Moto unaua kila kitu. Tena ni kilo 7 tu ndani ya 60.

Ghala_Kavu
Moto unaua kuvu, hauimalizi sumu iliyokwisha kutolewa. Sumukuvu inastahimili kukaanga na kuchemsha. Inapungua kiasi, haiishi. Chenga, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, na ndiyo sababu bei huwa nusu.

Kuhusu kilo 7: kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo. Tuseme karanga hizo zina 500, na za namna hiyo hufika huko. Ndani ya kilo 60 unapata 58 kwa kila kilo, karibu mara sita ya kiwango. Karanga nzima ungeweza kuchagua. Ikishasagwa hakuna cha kuchagua. Na mko Dodoma, mnakumbuka watu waliokufa kwa mahindi yenye sumukuvu mwaka 2016, huko na Manyara.

Mpita_Njia
Nina shaka na uzi huu. Kila swali linatoa siri mpya, na ukurasa wa pili huwa inakuja picha ya pakiti na namba ya simu. Tena hadithi haishikani: unga unagawiwa Jumamosi, lakini watoto "wanaupenda uji" na uzito haupandi. Wanakunywa uji upi, wa unga ambao haujagawiwa?

Fundi_Mashine
Kweli! Dada, jibu hilo.

Mhudumu_wa_Kitongoji
Siuzi kitu. Huu ni mkupuo wa pili. Wa kwanza tuligawa mwezi uliopita, karanga za gunia lile lile. Nilijua mkisikia mtanishukia. Nilifikiri nikirekebisha nafaka, huu utawafaa.

Mpita_Njia
Nafuta neno langu la tangazo. Sasa msikilize Ghala.

Nesi_wa_Zamu
Usingoje Jumamosi. Leo hii piga simu kwa kila mama, uliobaki nyumbani usipikwe tena, wala na watu wazima. Mtoto mwenye macho ya manjano, kutapika, tumbo lililojaa au ulegevu aende hospitali sasa, na unga upelekwe naye. Wengine wote uwapime mzunguko wa mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, ni rufaa ya siku hiyo, 11.5 hadi 12.5 ni wa kufuatiliwa. Mjulishe afisa lishe wa halmashauri na mganga wa zahanati, wachukue sampuli ipimwe. Usiwafiche walichokula.

Mhudumu_wa_Kitongoji
Nimeanza kupiga, nimewapata 11. Akina mama wanauliza wapike nini kesho.

Uwele_Mweupe
Walichonacho kwenye kibuyu. Vikombe vitatu vya unga wa uwele au mtama, kimoja cha choroko au kunde zilizolowekwa, zikamenywa, zikakaushwa, zikakaangwa. Kesho kunde bado hazijakauka, basi zichemshwe mpaka zipondeke, mtoto apewe kwenye ugali laini na mlenda. Dagaa wakavu wapembuliwe mchanga, wakaangwe bila mafuta, watwangwe: kijiko cha chai kila mlo. Boga, papai au ubuyu. Miezi 6 hadi 8 milo miwili au mitatu, kuanzia miezi 9 mitatu au minne, pamoja na kunyonya.

Mhudumu_wa_Kitongoji
Na hizi kilo 60? Niwape kuku angalau, isiwe hasara tupu?

Ghala_Kavu
Hapana. Vifaranga hufa kwa sumukuvu, na mbuzi au ng'ombe anayekamuliwa huitoa kwenye maziwa, ikarudi kwa mtoto yule yule. Funga mifuko, andika HAULIWI kwa herufi kubwa, iweke mbali na chakula, afisa afya aje aamue pa kuuteketeza. Kilo moja ibaki kavu kwa ajili ya maabara, ichotwe sehemu nyingi za kila mfuko na kuchanganywa, kwa sababu sumu haikai sawasawa kote.