Nimeuziwa giza kwa bei ya kinga ya joto: tinti ya laki tatu na nusu kwenye Peugeot 504 ya marehemu mzee

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa nasoma na kupita. Ila leo nimetoka kugonga pipa la maji la nyumbani kwangu mwenyewe. Nilikuwa narudi nyuma saa moja na nusu usiku, taa ya rivasi inawaka, na bado sikuona kitu. Mnivumilie, naandika na hasira zangu.

Gari ni Peugeot 504, saluni, ya mzee wangu, Mungu amrehemu. Aliinunua ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, enzi hizo yeye bwana shamba Kongwa. Imebeba mahindi, imebeba maharusi, imebeba na maiti. Mimi nimejifunzia gari humo. Injini nimeshaifanyia ovaholi, siti nimeshonesha upya, bodi haina kutu ya kutisha. Vioo ni vilevile ilivyotoka navyo kiwandani, vyeupe pee, havina hata ule ukijani wa vioo vya siku hizi. AC haina na haijawahi kuwa nayo.

Watu wa Dar mkisikia joto mnafikiria jasho. Huku kwetu Dodoma jasho linakauka kabla hujaliona. Shida ni jua lenyewe, na mwezi wa kumi linasimama utosini kabisa. Naishi mtaa wa Kisasa, kazi iko Mtumba. Asubuhi naelekea mashariki, jua usoni. Jioni narudi magharibi, jua usoni tena, kama vile tumeahidiana. Mchana kutwa gari imekaa uwanjani, miti iliyopandwa bado inanifika kiunoni. Saa tisa na nusu nikifungua mlango, usukani naushika kwa leso. Dashibodi ya mzee iliyodumu miaka yote hiyo imeanza kupasuka juu pale karibu na kioo.

Basi mwaka jana mwezi wa kumi nikaamua kuweka tinti ya kuzuia joto. Sikutaka giza. Nisisitize hapo, sikutaka giza. 504 ni gari ya kuonekana mtu aliye ndani. Nikaenda kibanda kimoja hapa mjini (sitakitaja, msiniulize inbox), nikamwambia kijana: nataka kitu kinachozuia joto, rangi iwe nyepesi.

Akanipeleka kwenye kiboksi chake. Ndani kuna taa nyekundu, mbele kuna vioo viwili, kimoja kitupu, kingine kimebandikwa karatasi ya tinti. "Weka mkono hapo, bosi." Kwenye kioo kitupu nikauondoa mkono mwenyewe. Kwenye chenye karatasi, baridi kabisa. "Hiyo ni seramiki ya Korea, inazuia joto asilimia tisini na tano na UV asilimia tisini na tisa." Seramiki ni karatasi yenye chembe ndogo za kauri, na UV ni ile mionzi ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi. Mimi na ndevu zangu nikatoa laki tatu na nusu palepale.

Kwenye rangi akaniambia nyepesi haizuii joto, lazima iwe nyeusi ndiyo ifanye kazi. Huo ni uongo wa kwanza, na nikaumeza. Nikamuuliza na ile ya chembechembe za chuma, akasema itaua redio. Jamani, antena ya 504 yangu ni ile ya kuvuta, iko nje juu ya bodi! Karatasi ya chuma inasumbua zaidi antena zilizofichwa ndani ya kioo, na simu. Hata gari hakuliangalia.

Siku ya kuchukua gari nikaona limependeza, sitadanganya. Wiki ya kwanza nikaona joto ni lilelile. Nikampigia, akasema subiri gundi ikauke, wiki tatu. Gundi kweli huchukua wiki kadhaa kukauka, lakini gundi mbichi haikufanyi uungue. Jioni moja nilipotoka kazini nikakigusa kioo kwa ndani, na kilikuwa kama kikaango. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka, kwa sababu kabla ya tinti kioo hakikuwahi kuwa cha moto vile.

Mwezi huu ndiyo nimepata jibu. Kuna fundi mwingine, mtu mzima, nimepelekwa kwake na rafiki. Mimi nilikuwa nimehifadhi kipande cha karatasi kilichobaki, kama kiganja hivi. Naye ana kiboksi cha taa kama kile. Akakiweka kipande changu mbele ya taa, akaniambia mzee, weka mkono. Nikaungua karibu sawa na kioo kitupu. Akachukua kipande chake ambacho ukikitazama ni cheupe tu, kama hakuna kitu. Mkono ukakaa. Kumbe kwenye kiboksi cha yule wa kwanza kulibandikwa seramiki ya kweli, ila kwenye gari yangu imebandikwa karatasi ya rangi, ile ya kawaida kabisa.

Halafu huyu fundi wa pili akaniambia jambo ambalo limenifanya nikae chini. Hata kile kiboksi chenyewe, akisema, usikiamini sana. Ile taa karibu nguvu yake yote ni mionzi ya joto isiyoonekana, wanayoiita infraredi. Jua haliko hivyo. Jua linakuja na nusu hivi ya nguvu yake kama infraredi, na karibu nusu nyingine ni mwanga huu tunaouona, nao ukiingia ndani ya gari na kutua kwenye siti nyeusi unageuka joto vilevile. Kwa hiyo mtu akikwambia "asilimia tisini na tano" anakuambia ya infraredi, na mara nyingine ni kipande tu cha infraredi walichochagua kukipima. Namba ya kuuliza ni jumla ya nguvu ya jua yote inayozuiwa, na iko kwenye maelezo ya vipimo ya kiwanda. Hiyo namba hata kwenye tinti nzuri haifiki tisini. Fundi akikosa hayo maelezo, ondoka.

Na hiyo UV asilimia tisini na tisa aliyojisifia nayo yule kijana, hata karatasi nyeupe isiyo na rangi yoyote inafanya hivyo. Inasaidia ngozi, inasaidia dashibodi isipauke. Kwenye joto UV ni sehemu ndogo sana ya nguvu ya jua. Ni sawa na mwenye kuuza gari kujisifia kwamba lina matairi manne.

Kuhusu kioo kuwa kikaango: karatasi ya rangi hairudishi mwanga nje, inaunywa na kuugeuza joto. Ikishiba, kioo kinachemka na kulitema pande zote mbili, nje na ndani. Ukiwa barabarani upepo wa nje unabeba sehemu kubwa. Ukiegesha uwanjani Mtumba hakuna upepo wa kubeba kitu, unakaa ndani ya jiko. Na infraredi nyingi inaipita tu, ndiyo maana karatasi nyepesi ya seramiki inaweza kuzuia joto kuliko nyeusi tii ya bei rahisi. Weusi unazuia macho ya majirani. Basi.

Hela ningeisamehe. Kilichoniuma zaidi ni gari.

Kwanza, yule kijana alikata karatasi juu ya kioo kwa wembe. Kioo cha mlango wa mbele kushoto kina mchubuko mrefu kama kidole cha kati, chini kidogo ya ukingo wa juu. Jua likikipiga kutoka pembeni unauona unang'aa kama uzi wa buibui. Kioo cha mwaka uleule, kimepita barabara ya Kondoa ya vumbi miaka na miaka bila mkwaruzo wa maana, kimekuja kuchorwa kibandani.

Pili, kioo cha nyuma kimepinda. Karatasi inatakiwa ipashwe moto taratibu ijivute ishike umbo. Yeye ameona tabu, ameunga vipande viwili katikati. Mstari uko palepale ninapotazama kwenye kioo cha ndani. Pikipiki ikinifuata nyuma naona nusu mbili, moja iko juu kidogo ya nyingine.

Tatu, na hili wenye magari ya zamani mnisikie: maji ya sabuni. Walipulizia bila kuweka hata taulo. Milango ya 504 yangu kwa ndani ina hadibodi iliyovalishwa ngozi ya plastiki. Maji yameshuka kwenye mfereji wa kioo yakanywewa na hadibodi, sasa ubao wa mlango wa dereva umevimba kama andazi na vibanio viwili vimechomoka. Na ule mfereji wenye kitambaa cha manyoya ulikuwa umejaa mchanga, hawakuusafisha. Kila nikishusha kioo kwa kuzungusha, mchanga unakwangua karatasi. Mistari ya wima kila dirisha.

Na sasa imeanza kugeuka rangi. Kioo cha nyuma ni zambarau kama juisi ya zabibu za Hombolo, kimejaa mapovu kwenye kona. Miezi kumi tu. Nikamtumia picha. Akajibu, nanukuu: "Mzee gari za zamani ndivyo zilivyo, kioo chake hakishiki." Tangu hapo ameona ujumbe wangu mara nne, tiki za bluu, kimya.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna mdau kaandika "gari haina AC, unashusha vioo, tinti ya nini sasa?" Mkuu, swali zuri. Nikiwa natembea nimeshusha vioo, tinti hainisaidii, nakubali. Ila pale uwanjani saa nane kasoro vioo vimepandishwa, na kiangazi vumbi la Ihumwa njiani halikuruhusu kushusha. Na ninakubali pia kwamba paa la bati lina joto lake, hakuna karatasi itakayoliondoa. Nilichotaka ni nafuu. Nimepata giza.

Kwa walioniuliza jinsi ya kuitoa: nitaipasha mvuke, nivute taratibu kutoka kona. Mwenye nyaya za kupasha kioo cha nyuma asiguse wembe pale, atazikata.

Na kwa mdau aliyesema nimekosa kwa kutouliza risiti: risiti ninayo. Imeandikwa "tinti full". Ya mkono, bila hata jina la karatasi.

Kama kuna mtu Dodoma, Singida, Morogoro, popote, ana kioo cha mlango wa mbele kushoto cha 504 saluni, anitafute. Cha zamani, hata kiwe na vumbi la miaka ishirini, nitakisafisha mwenyewe. Ila kisiwe na tinti.