Mjadala: Jina la Ptolemaio liko kila mahali. Je, anastahili peke yake?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni na ningependa tulijadili kwa uwazi.

Klaudio Ptolemaio, ambaye wanafalaki wa pwani wanamjua kama Batlamyus, aliishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Aliorodhesha nyota, akakokotoa mwendo wa sayari, akaipanga ramani ya dunia kwa digrii. Tangu hapo jina lake halijapumzika. Mwezi ukiwa nusu, elekeza darubini ndogo karibu na katikati yake, pale mwanga unapokutana na giza. Utaona kasoko pana yenye sakafu tambarare, kipenyo chake kilomita 150 hivi. Hiyo ni Ptolemaeus, na jina hilo liliwekwa na padri Riccioli mwaka 1651. Mirihi nako ipo kasoko yenye jina lake. Asteroidi 4001 ni yake. Kwenye mkia wa Nge kuna kishada cha nyota kinachoonekana kwa macho matupu usiku wa Julai na Agosti. Orodha za kisasa zinakiita Messier 7, lakini watu wengi wanakiita Kishada cha Ptolemaio, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiandika. Wanafunzi wa jiometri wana kanuni ya Ptolemaio. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walitengeneza programu za kusanifu mifumo ya kompyuta, wakaziita Ptolemy. Wanafizikia wanaotaka kunasa nyutrino, yaani chembe ndogo mno zilizobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, nao wameuita mradi wao hivyohivyo.

Kwetu huku hatukuchukua jina lake, tulichukua majina ya kitabuni mwake. Nairobi kuna Rhapta Road, na Rhapta ni mji wa biashara wa pwani hii ambao Ptolemaio aliupangia nafasi kwenye ramani. Fort Portal, Uganda, kuna chuo kikuu kinachoitwa Mountains of the Moon, yaani Milima ya Mwezi, ile milima ya theluji ambayo kitabu chake kinasema inayalisha maji maziwa ya Nile.

Sisemi jina lake lifutwe. Ninachopinga ni sisi kumbebesha peke yake kazi ya watu wengi, ilhali yeye mwenyewe aliwataja. Kwenye nyota alimtaja mwanafalaki Hipparchus wa kisiwa cha Rhodes, aliyemtangulia kwa karibu miaka 300. Kwenye jiografia alimtaja mchora ramani Marinus wa Tiro, na kupitia Marinus akamtaja baharia Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India, upepo ukamsukuma kusini siku 25 hadi karibu na Rhapta, akaleta habari za maziwa ya Nile. Sasa niambieni: Diogenes aliyaonaje maziwa ya Nile akiwa baharini? Hakuyaona. Kuna mtu aliyemsimulia, mkazi wa pwani hii au mfanyabiashara aliyefika bara. Mtu huyo hana kasoko, hana barabara, hana chochote.

Mnasemaje?

Mwl. wa Hesabu

Mkuu, heshima yako, lakini unambembeleza mno. Tuhuma dhidi ya Ptolemaio ni nzito kuliko ulivyozieleza. Mwaka 1977 mwanafizikia Robert Newton alitoa kitabu kizima kumshtaki kwamba vipimo vingi alivyodai kavipima mwenyewe alivipika. Shaka hiyo ni ya zamani. Mwanafalaki Tycho Brahe alikuwa nayo karne ya 16.

Fanyeni hesabu nami. Nyota husogea polepole kwenye longitudo, digrii moja kwa miaka 72 hivi. Ptolemaio aliamini ni digrii moja kwa miaka 100. Kati ya Hipparchus na yeye ipo miaka kama 265. Kwa kasi yake potofu, nyota zingekuwa zimesogea digrii 2 na dakika 40 (dakika 60 ni digrii moja). Kwa kasi ya kweli, digrii 3 na dakika 41. Tofauti ni digrii moja. Haya, fungua orodha yake ya nyota elfu moja na ushei: kwa wastani longitudo zake zimepungua digrii moja hivi! Hayo ndiyo makosa utakayoyapata ukichukua orodha ya mwenzio, ukajumlisha digrii 2 na dakika 40, kisha ukasema umepima.

La pili, Aleksandria iko kusini ya Rhodes kwa digrii tano. Aliyekaa Aleksandria anaona ukanda wa anga la kusini ambao wa Rhodes haoni. Wakosoaji wanauliza: mbona nyota za ukanda huo hazimo?

Mimi nasema kishada cha Nge, kasoko na kila kitu cha nyota kipewe Hipparchus. Ptolemaio abaki na kanuni yake ya jiometri, hiyo siwezi kumnyima. Umbo la pembe nne likiwa ndani ya duara, ukizidisha mistari miwili inayounganisha pembe zinazotazamana unapata jumla ya mazao ya pande zinazotazamana. Nikiionyesha ubaoni kwa mstatili, wanafunzi wanaona Pythagoras anachomoza humohumo ndani.

Msomaji wa Iringa

Wote mmesahau kitu. Chombo cha Philae kilipotua kwenye nyotamkia 67P Novemba 2014 kilikuwa na kifaa cha kupimia gesi kinachoitwa Ptolemy. Ongezeni kwenye orodha.

Mwanzisha mada

Hicho sikukisahau, ndugu yangu, nilikiacha kwa makusudi. Safari yenyewe iliitwa Rosetta, kwa jiwe la Rosetta lenye amri ya mfalme Ptolemaio wa Tano wa Misri. Kifaa kinafuata jiwe hilo, ni cha mfalme. Mchanganyo huu una umri mkubwa: wachoraji wa Ulaya ya zamani walimvika mwanasayansi wetu taji wakidhani ni wa ukoo wa Kleopatra.

Mpenda Miswada

Mwalimu, hesabu yako ni safi na digrii ile moja ipo kweli. Ila ushahidi haukuishia 1977.

Kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, kulikuwa na kitabu cha ngozi chenye maandishi ya kidini ya Kisiria. Ngozi zilikuwa ghali, kwa hiyo watawa walikwangua maandishi ya Kigiriki yaliyokuwamo, wakaandika juu yake. Wataalamu walizipiga picha kurasa hizo kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule usioonekana kwa macho, na Kigiriki kikajitokeza. Mwaka 2022 Victor Gysembergh na wenzake walitangaza walichokisoma: vipimo vya kundinyota dogo la Taji la Kaskazini, ambavyo wanavihusisha na orodha ya Hipparchus iliyodhaniwa kupotea kabisa. Vipimo hivyo havikosei zaidi ya digrii moja, ni bora kuliko vya Ptolemaio.

Hapo mwalimu utashangilia, lakini soma hadi mwisho. Namba walizozipata haziendani zote na za Ptolemaio, na watafiti haohao wakaandika kwamba orodha yake haikutegemea Hipparchus peke yake. Basi tuhuma ya wizi tuiweke kando kwanza. Mwizi hamtaji mwenye mali. Ptolemaio anamtaja Hipparchus tena na tena, na anamwita mpenda ukweli.

Mwl. wa Hesabu

Kumsifu mtu hakukupi ruhusa ya kusema umepima usichopima. Mwanafunzi wangu akinakili jaribio la mwenzake kisha akaandika chini yake "rafiki yangu ni hodari sana", bado sifuri anapata.

Baharia Mstaafu, Pemba

Vijana, nimewafuata tangu mwanzo. Mimi nimejifunza nyota chomboni na kwa wazee wa falaki, na huyo Batlamyus nimemsikia tangu utotoni.

Kuna matumizi ya jina lake ambayo hakuna aliyeyagusa, nayo ndiyo yanayowagusa watu wengi mitaani: utabiri. Aliandika kitabu cha sehemu nne juu ya athari za nyota kwa binadamu. Wapiga ramli wa magazetini na wa redioni, wajue wasijue, wanakula kwa kitabu hicho. Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, mpaka Hutu, buruji zote hizo za nyota zilipita mikononi mwake. Anakuja mtu anamwambia binti asiolewe na fulani kwa sababu yeye Asadi na mwenzake Akrabu, akiulizwa anasema elimu hii ni ya Batlamyus. Hapo ndipo jina linapoumiza watu. Kasoko ya Mwezini haijavunja ndoa ya mtu.

Na kwa hesabu ya mwalimu hapo juu, anga lenyewe limeshahama. Tarehe 21 Machi wanakuambia jua linaingia Hamali. Tazama nyota zenyewe: jua bado limo Hutu. Batlamyus alijua nyota zinahama, akapanga buruji zake kwa misimu. Hawa wanaouza jina lake wanakuonyesha nyota na hata kuhama huko hawakujui.

Jingine. Bahari yetu aliifunga. Kwenye jiografia yake, kusini ya Rasi Prason, mwisho wa pwani yetu aliyoijua, nchi inageuka na kuizunguka Bahari ya Hindi kama ziwa. Ukubwa wa dunia nao aliupunguza, ilhali Eratosthenes, wa Aleksandria hiyohiyo, alishapata kipimo kikubwa zaidi. Lakini simchukii. Waliompinga vizuri zaidi ni wale waliomsoma kwa makini. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu yake, kifungu kwa kifungu. Hiyo ndiyo heshima ya mwanachuoni kwa mwanachuoni.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Hilo la ramli umelisema vizuri, na naona aibu kwamba tunabishana juu ya kasoko wakati jina linatumika kuwatisha mabinti.

Binti wa Fort Portal

Nimesoma kwa hamu kwa sababu hiyo milima naiona nikiwa nyumbani, asubuhi mawingu yakikubali. Wakonzo wanaishi kwenye miteremko yake na wana majina yao ya vilele na simulizi zao za theluji. "Milima ya Mwezi" inapendeza kwenye mabango ya watalii na kwenye vyeti vya chuo. Hata hivyo hakuna anayejua kwa yakini kwamba kitabu kilikuwa kinasema Rwenzori, yaani milima yetu hii. Wapo wanaodai ni Kilimanjaro, wapo wanaodai ni milima ya Ethiopia, na wapo wasomi wanaoshuku kwamba mstari ule wa milima uliongezwa na wanakili baada ya Ptolemaio kufa.

Sitaki chuo kibadilishe jina. Ninachotaka ni mgeni anayepanda kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, asikie majina ya Kikonzo kabla ya kusikia la Mgiriki wa Aleksandria. Na aharakishe, maana sehemu kubwa ya barafu iliyokuwapo walipopanda Waitaliano mwaka 1906 imeshayeyuka. Tutabaki na jina la theluji bila theluji.

Wa Westlands

Mimi napita Rhapta Road kila siku. Magorofa yanaota, foleni haishi. Uliza madereva kumi Rhapta ni nini, watakuonyesha kibao cha barabara. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami wa Dar es Salaam ameutafuta mji huo upande wa Rufiji miaka mingi, na mpaka leo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ulisimama wapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa. Mji mkuu wa biashara wa pwani yetu umepotea, kisha tunabishana nani apewe shimo la Mwezini?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Westlands, hayo mawili ni jambo moja. Sikilizeni.

Mwezini Hipparchus hakunyimwa. Kasoko yake iko jirani kabisa na ya Ptolemaio, kaskazini mashariki yake, nayo inakaribia ukubwa huohuo. Marinus wa Tiro naye anayo, kusini mashariki, ukingoni mwa upande tunaouona. Satelaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 1989 kupima nafasi za nyota iliitwa Hipparcos, na orodha yake ya 1997 ina nyota 118,218. Kwa hiyo mwalimu, madai yako ya kumlipa Hipparchus yameshalipwa kwa sehemu kubwa. Wenye majina wanagawana majina.

Aliyebaki bila fungu ni yule aliyesema "kule bara kuna maziwa makubwa na mto unatoka humo". Taarifa hiyo ilikuwa ya kweli. Wazungu walikuja kubishana nayo hadi karne ya 19, wakati ilikuwa imekaa kitabuni tangu karne ya 2, na chanzo chake ni mtu wa huku au aliyefika huku. Kitabu cha historia cha shule kikiandika "Ptolemaio alijua kuhusu maziwa ya Nile", kinakosea. Kiandike kwamba wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki au wafanyabiashara waliofika bara walijua, wakawaambia mabaharia, mabaharia wakamfikia Marinus, na Ptolemaio akaandika. Ni sentensi ndefu kidogo, mwanafunzi wa darasa la sita anaimudu. Na Nairobi wakiweka kibao pale Rhapta Road, kiseme hivyo.

Mwl. wa Hesabu

Kwenye maziwa nakubaliana nawe asilimia mia. Kwenye nyota bado. Nyota za ukanda wa digrii tano ziko wapi? Mpenda Miswada, ukipata jibu nitag.

Mpenda Miswada

Jibu la mkato sina, mwalimu. Bado kuna kurasa za kitabu kile cha Sinai ambazo hazijasomwa vizuri. Zikisomwa nitakutag, hata kama zitakupa wewe ushindi.