Jamaa wa kibanda cha muvi kanispoilia The Boys yote, na korosho zangu kala

Njomba wa Shangani:
Wakuu natype huku mkono unatetemeka, nimetoka pale kijiweni saivi hivi na kahawa nimeiacha mezani. Simtaji jina, ila yeyote aliyewahi kununua muvi Mtwara mjini anamjua, yule mwenye feni isiyozunguka, anayejua kila kitu kuanzia katuni mpaka dawa ya mikorosho.

Mi The Boys, ile hadithi ya kikosi kinachopambana na mashujaa wenye nguvu za ajabu walioharibika tabia, nimeanzia kwenye ile tamthilia, nikasikia vitabu vyake vya katuni ndo vikali zaidi, na ye anavyo, kaka yake baharia kamletea. Anakodisha elfu mbili kitabu. Nikamuuliza kwa heshima zote, bro naanza na kipi, maana naona rundo. Akanichomolea Dear Becky. Ati "anza na hiki, humu Butcher, bosi wa kikosi, anamwandikia marehemu mkewe, kwaiyo ndo mwanzo kabisa."

DEAR BECKY IMETOKA 2020 WAKUU! Hadithi yenyewe imeanza 2006 ikaisha 2012, toleo la 1 mpaka la 72, vijitabu vyembamba ambavyo baadae vikakusanywa kwenye vitabu. Hicho kitabu ni miaka 12 baada ya kila kitu kuisha, Hughie, yule kijana wa kikosi, yuko kwao Uskoti anajiandaa kuoa, analetewa daftari la Butcher, yaani hujatulia hata kwenye kiti ushajua nani kabaki na nani hayupo. Umefika matanga kabla hujasikia kama kuna mgonjwa.

Hapo nilivumilia. Nikarudisha kitabu chake kistaarabu. Leo jioni nimeenda na korosho za kukaanga, nusu kilo, mama kanitumia toka Tandahimba, nikamwambia bro ulinipa cha mwisho badala ya cha kwanza. Watu kama wanane wamekaa pale na shemeji yangu mmojawapo. Jamaa akazamisha mkono kwenye mfuko wangu akatoka na KONZI, akajaza mdomo, akaanza kuongea huku anatafuna: "Sasa we unalia na Becky tu, kwani hujui nani yuko chini ya kinyago cha Black Noir?"

Akasema siri ya huyo shujaa asiyevua kinyago. Kwa sauti ya mnadani, nadhani Msanga Mkuu ng'ambo wamesikia. Vipande vya korosho vinaruka vinatua kwenye shati langu.

Lile jambo liko toleo la 65! Mtu unatakiwa upitie vitabu kumi na moja ndo ukutane nalo. Mi nilikuwa sijafungua hata cha kwanza. Na mdomo uliosema umejaa korosho zangu!

Na mpangilio wala sio mgumu. 1 mpaka 30, unasimama unasoma Herogasm, matoleo 6, unarudi 31 mpaka 47, unasimama tena kwa Highland Laddie, 6 pia, alafu 48 mpaka 59, alafu Butcher, Baker, Candlestickmaker ile ya maisha ya Butcher mwenyewe toka utotoni, alafu 60 mpaka 72. Becky MWISHO. Vile vitabu 12 vya Dynamite, wachapishaji wake, vina namba, Herogasm ni cha 5, Highland Laddie cha 8, hicho cha Butcher ni cha 10. Namba zimeandikwa! Unakodisha vitabu na namba huzisomi?

Alivyomaliza kusema akachota konzi ya pili.

Kuchele Damu:
Namjua huyo 😂😂 mi aliniuzia muvi sehemu ya pili, namuuliza ya kwanza ananiambia "ya kwanza utaielewa humo humo"

Binti wa Mikindani:
Pole njomba, ila nusu kilo ya korosho unaipeleka kijiweni uwazi uwazi ulitegemea nini? Mi kwangu hata kunguru hazioni.

Njomba wa Shangani:
Dada hoja sio korosho. Yaani korosho pia ni hoja, ila angekula akanyamaza ningemsamehe.

Baharia Mstaafu:
Ngoja nimtetee kidogo. Yale ya ndani ya daftari ni mambo ya kabla ya toleo la 1, kwaiyo jamaa hajakosea sana.

Njomba wa Shangani:
Mkuu daftari ni la zamani, anayelisoma ni Hughie wa baadae! Huwezi kumpa mtu aanze na mirathi! We ulikuwepo pale? Ulikula zangu na wewe?

Baharia Mstaafu:
Nilionja mbili tu.

Kuchele Damu:
😂😂😂😂 shemeji kajitokeza

Mgeni Mpya:
Samahani kwani nani yuko chini ya kinyago?

Kuchele Damu:
Ni nakala ya Homelander, yule kiongozi wa mashujaa, kampuni inayowamiliki ilimtengeneza akae tayari kummaliza Homelander siku akichizi. Kwenye tamthilia wamebadilisha, kule ni mtu mwingine kabisa.

Binti wa Mikindani:
WEWE!!! Mi nipo kitabu cha 6!!! Miezi mitatu nasoma kidogo kidogo usiku watoto wakilala!

Njomba wa Shangani:
Modi futa hiyo koment. Modi. Nimeandika uzi mzima sijasema, mtu anakuja kusema kwa mstari mmoja. Sasa ona na dada wa watu kaumia. Bora wewe huna korosho mdomoni.

Mzee wa Ndanda:
Vijana mna nafuu. Mimi yule yule bwana alinipa Herogasm, ananiambia "mzee ni katuni". Katuni mimi najua ni za watoto, nikaiweka sebuleni. Mama mkwe katoka Newala kuja kutusalimia, kavaa miwani, kaifungua. Hajasema kitu. Kesho yake alfajiri kapanda basi. Hadi leo chakula nikitengewa natengewa peke yangu.

Binti wa Mikindani:
Mungu wangu Herogasm, ile imejaa mambo ya chumbani 🙆🏾‍♀️ babu pole, umefungua ukurasa gani

Mzee wa Ndanda:
Sikufungua mimi. Alifungua yeye.

Lindi Moja:
Nyie wa Mtwara mnadeka. Mna mtu wa kuwakodisha vitabu mnalia mpangilio. Sisi huku Lindi hata wa kutuspoilia hatuna, nasoma kwenye simu iliyopasuka kioo, Hughie namuona nusu uso toka toleo la 1. Na saivi umeme hamna, chaji asilimia 9.

Kuchele Damu:
Hata huku umekatika. Gesi ya kuzalisha umeme inachimbwa Msimbati hapo, usafiri wa muda mfupi tu, na mi nakaanga samaki kwa tochi ya simu.

Lindi Moja:
Songosongo nayo iko mkoa wetu na giza ni hili hili. Tusianze kushindana nani ana gesi nyingi.

Kuchele Damu:
Umeanza wewe.

Njomba wa Shangani:
Tunaweza kurudi kwenye mada? Mtu kaongea mdomo umejaa.

Mgeni Mpya:
Samahani tena mkuu, hizo korosho za Tandahimba mama anauza? Zimekaangwa kwa chumvi au kavu?

Binti wa Mikindani:
Na mi nauliza hapo hapo, nina wageni Ijumaa.

Njomba wa Shangani:
Za chumvi. Zimebaki kilo tatu, njooni inboksi. Ila mkipita pale kijiweni fungeni mfuko.

Baharia Mstaafu:
Shemeji niwekee nusu.