Bruce Lee au Jackie Chan, mkali wenu nani?

Mlamu wa Langoni: Wadau salamaleko. Jana baada ya isha ubishi wa wakali wa filamu za kung fu ulizuka barazani, mjomba ashikilia Bruce Lee hana mpinzani, mi nasema Jackie Chan. Enzi zile banda la vidio twakaa mkekani, kanda ikikwaruza mtu aipiga tivi kofi hadi picha irudi 😂 Nyinyi mwasemaje?

Kijana wa Maweni, Malindi: Bruce bwana. Kafa 1973 na miaka 32 tu, na mpaka leo kinyozi wangu kamchora ukutani.

Mtoto wa Shela: Chan! Ile filamu ya 1985, Police Story, yuko ndani ya jumba la maduka karuka kashika nguzo imezungushiwa taa akateleza nayo mpaka chini viganja vikaungua, na ni yeye mwenyewe. Baadaye akipiga filamu nyingine Yugoslavia akaanguka mtini fuvu likapasuka. Mi nilimuiga, nikaruka toka jahazini niifikie gati, nikaopolewa majini.

Kijana wa Maweni: 😂😂 pole. Na Tony Jaa yule Mthailand mwamsahau? Filamu yake Ong-Bak ya 2003, apiga kwa viwiko na magoti, hakuna waya wa kumrusha hewani.

Mlamu wa Langoni: Mjomba nimemsomea yote. Kamalizia kahawa yake, asema nyinyi watoto.