Kiwanja kimoja, LUKU nne, kodi ya majengo inakatwa mara nne kila mwezi: ipi halali na tunaanzia wapi?

Mkazi wa Yombo

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua vizuri kodi ya majengo wanisaidie kwa huyu jirani.

Nyumba ni ya kawaida, haina ghorofa, iko Temeke. Nyumba kubwa ina mita mbili za LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa sababu iligawanywa pande mbili, upande mmoja anaishi mwenye nyumba na upande wa pili wapo wapangaji. Uani kuna banda la vyumba vinne, limejengwa peke yake, nalo lina mita mbili. Kila mwezi kila mita inakatwa 1,500. Jumla ni 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka, wakati kiwango cha nyumba ya kawaida ni 18,000.

Mwenye nyumba ni mama wa miaka 67, hana pensheni. Wapangaji wanataka warudishiwe hela yao. Akienda kuuliza, ofisi ya kwanza inamtuma ya pili, na ya pili inamrudisha ya kwanza. Juu ya hapo anadaiwa ada ya taka kila mwezi na gari la taka linapita likijisikia.

Je, hizi mita nne zote zinatakiwa kukatwa? Umri wake unamsaidia? Na hiyo ada ya taka inatozwa kwa sheria gani?

Fundi Hesabu

Mkuu, kabla hajatoka nyumbani ajue kwanza kinachokatwa kwenye kila mita, kwa sababu wengi wanafika dirishani wanasema "umeme wangu unaisha haraka" na wanapelekwa kwa fundi wa mita.

Meseji ya tokeni inaonyesha mchanganuo. Kwa mteja wa T1 (daraja la matumizi ya kawaida), uniti ni shilingi 292 kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Kwa hiyo ukinunua 10,000 bila deni lolote, umeme wenyewe ni 8,196.72, na unapata uniti 28 na kidogo. Ukinunua 10,000 hiyo hiyo kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, kwanza inaondoka 1,500. Inabaki 8,500, ambayo ni uniti 23.86.

Sasa chumba kikikaa bila mpangaji miezi miwili, kodi haisimami. Inajilimbikiza. Mpangaji mpya akija mwezi wa tatu akanunua 10,000, zinakatwa 4,500 na anapata uniti 15.4 tu. Hapo ndipo ugomvi na mwenye nyumba unapoanza, na kumbe mita haina tatizo lolote.

Achukue daftari, aandike namba za mita zote nne, na kwa kila mita aweke meseji za ununuzi wa kwanza wa kila mwezi. Kama zimefutika kwenye simu ya mpangaji, historia ya manunuzi ya mita inapatikana TANESCO (shirika la umeme) kwa namba ya mita. Bila karatasi hiyo atakuwa anabishana kwa mdomo.

Mthamini wa Pwani

Kodi hii ni ya jengo. Mita ni njia ya kukusanyia tu, iliyoanza tarehe 20 Agosti 2021. Wakati huo ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mijini. Mwaka wa fedha 2023/24 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Tatizo zima limetokana na mfumo kuanza kwa kuhesabu mita kana kwamba kila mita ni nyumba, halafu mwananchi ndiye akaachiwa kazi ya kwenda kuthibitisha kwamba si kweli.

Kwa huyo mama mimi ningezitenganisha hizo mita nne mafungu mawili.

Nyumba kubwa ni jengo moja lenye mita mbili, halina mjadala. Mita moja ibaki na kodi, nyingine iondolewe. Banda la uani ni hoja nyingine. Lina paa lake na kuta zake, kwa hiyo ofisa anaweza kulihesabu kama jengo la pili. Lakini hata akilihesabu hivyo, ni jengo moja, lina mita mbili, na moja lazima itoke. Asiende kudai kwamba zote tatu zifutwe kwa mpigo, maana akikataliwa moja anaweza kurudishwa na zote. Aanze na mbili ambazo hazina ubishi.

Aende na hivi: nakala ya kitambulisho cha NIDA, uthibitisho wa umiliki (hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliopitia serikali ya mtaa), barua ya mtendaji wa mtaa inayotaja idadi ya majengo kwenye kiwanja na namba za mita za kila jengo, na picha mbili tatu za nyumba kutoka mbele na uani. Barua ya mtaa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Nyingi zinaandikwa "ni mkazi wa mtaa huu" basi, na hizo hazisaidii kitu. Iandikwe wazi: jengo la kwanza lina mita namba fulani na fulani, jengo la pili lina namba fulani na fulani.

Kuhusu kurushwa huku na kule: mita ni ya TANESCO, lakini kodi si yake. Uamuzi kwamba mita fulani isitozwe ni wa kikodi, kwa hiyo maombi yaandikwe kwa ofisi inayosimamia kodi ya majengo kwenye eneo lake na nakala iende TANESCO. Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, arudi nayo. Akiombwa aache barua bila kugongewa muhuri, asikubali, maana bila muhuri ni sawa na hajaandika.

Na jambo linalosahaulika kila mara: mita ikishaondolewa kwenye kodi, deni lililokwisha kulimbikizwa linaweza kubaki humo. Barua iombe vyote viwili, kusimamisha makato na kufuta deni lililobaki, na iombe pia kile kilichozidi kihesabiwe.

Bi. Mirathi

Naongezea kwenye umri, kwa sababu hapo watu wanapotoshana.

Msamaha wa wazee upo kisheria. Unamhusu mtu wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu, asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi humo yeye mwenyewe. Sasa soma kila neno. Nyumba moja, kwa hiyo banda la uani likihesabiwa jengo la pili halimo. Anaishi humo, kwa hiyo upande uliopangishwa utaulizwa. Asiye na kipato, na kodi ya wapangaji ni kipato. Mama huyu ana hoja nzuri kwa upande anaolala, lakini aeleze hali yote kama ilivyo, pamoja na kiasi cha pango anachopata. Akificha wapangaji na ofisa akaja kukagua akakuta milango minne ina makufuli ya watu wengine, atapoteza hata kile alichostahili.

Msamaha hauji wenyewe. Mfumo wa LUKU haujui mteja ana miaka mingapi, na mara nyingi jina lililo kwenye mita si lake hata kidogo. Ni la marehemu mume, la aliyemuuzia kiwanja, wakati mwingine la fundi aliyefuatilia maombi ya umeme. Abadilishe kwanza jina la mteja TANESCO lilingane na la kwenye umiliki, ndipo aombe msamaha.

Na kama nyumba bado iko kwenye jina la marehemu, umri unaoangaliwa ni wa mmiliki. Bibi wa miaka 80 anayeishi kwenye nyumba ambayo mirathi haijafunguliwa hana cha kuonyesha. Afungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, na nyumba ihamie kwa mrithi. Inachukua muda, ndiyo, lakini hata hati na leseni ya makazi zitakwama hapo hapo.

Mpangaji Makini

Kwa upande wa wapangaji: mwenye wajibu wa kodi ya majengo ni mmiliki. Anayenunua LUKU anaitanguliza tu. Kwa mkataba wa miezi sita ni 1,500 mara sita, yaani 9,000. Iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kwa sentensi moja: kodi ya majengo itakayokatwa kwenye mita itapunguzwa kwenye pango la kipindi kinachofuata, mpangaji akionyesha meseji za tokeni.

Palipo na mita moja wanayochangia watu wengi, anayenunua wa kwanza mwanzo wa mwezi ndiye anayeumia, na wengine wanasubiri anunue yeye. Dawa ni mwenye nyumba mwenyewe kununua umeme wa 2,000 kwa kila mita tarehe moja ya kila mwezi. Kodi inakatwa kwake na uniti chache zinazobaki anawaachia wapangaji. Inamaliza ugomvi bila kikao.

Mkazi wa Yombo

Shukrani sana wakuu, hili la jina kwenye mita limenifungua macho, kwake jina ni la aliyeuza kiwanja. Vipi kuhusu taka? Na ameletewa pia ujumbe wa kodi ya ardhi. Hiyo si ndiyo hii hii ya LUKU?

Mthamini wa Pwani

Hapana, ni mbili tofauti. Kodi ya pango la ardhi inalipwa Wizara ya Ardhi kwa mwaka kwa ajili ya kiwanja, hata kama hakina jengo. Kiasi kinategemea ukubwa, matumizi na eneo, na inalipwa kwa namba ya malipo yake. Kukatwa LUKU hakuifuti. Alipe, kwa sababu deni la ardhi likikua linaweza kufika baraza la ardhi, na mwisho kabisa umiliki kufutwa.

Afya Mtaani

Ada ya taka ni ya halmashauri. Inatozwa kwa sheria ndogo inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na sheria hiyo ndogo ndiyo yenye kiwango cha nyumba ya kuishi, duka, mgahawa na kadhalika. Kila halmashauri ina yake, hivyo kiwango cha Kinondoni hakimuhusu mtu wa Temeke. Aende kwa afisa afya wa kata aombe kuona jedwali la viwango. Ni haki yake, na kukiona kunazuia kukadiriwa kwa macho na mkusanyaji anayeangalia geti.

Malipo yawe kwa mashine au kwa namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Pesa taslimu kwa stakabadhi ya kuandika kwa mkono asitoe. Wenye mashine watoe risiti hapo hapo, yenye jina la halmashauri.

Kwa nini gari haliji? Mara nyingi mkandarasi au kikundi kina gari moja au mawili kwa mtaa mzima, na dampo la Dar ni moja, Pugu Kinyamwezi. Kutoka kona ya Mbagala au Bunju hadi Pugu, ukiongeza foleni ya barabarani na foleni ya kumwaga, safari moja inaweza kula siku. Mvua zikinyesha barabara za ndani zinakatika na gari zito haliingii. Kaya zikiona gari halijaja hazilipi ada, mkandarasi akikosa makusanyo hana mafuta, gari linakosekana zaidi. Ni mzunguko, na kumpigia kelele dereva hakuukati.

Kinachoukata ni mkataba. Mkandarasi ana mkataba na halmashauri wenye ratiba ya siku za kupita. Wakazi wa mtaa waombe ratiba hiyo isomwe kwenye mkutano wa mtaa na ibandikwe ofisini. Kisha mjumbe aweke daftari: tarehe iliyopangwa, gari lilikuja au halikuja. Majuma manne au sita ya daftari hilo, likiwa na sahihi za kaya kumi na tano, yapelekwe kwa mtendaji wa kata na nakala kwa diwani. Halmashauri inaweza kumkata au kumwondoa mkandarasi kwa kukiuka mkataba, lakini inahitaji ushahidi wa siku na tarehe. Ikikaa kimya, lalamiko liingizwe e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko mtandaoni.

Na jamani, tusichanganye ofisi. Mitaro na barabara za mitaa ni TARURA, maji na majitaka ni DAWASA, taka ngumu ni halmashauri.

Fundi Hesabu

Niseme moja kuhusu sera yenyewe. Kukusanya kwa LUKU kumepunguza gharama na rushwa ya wakusanyaji, hilo nalikubali. Lakini kiwango kimoja kwa wote kinaumiza. Kaya ya D1 (daraja la matumizi madogo) inayotumia uniti 40 kwa mwezi inalipa umeme 4,880 pamoja na makato. Ukiongeza 1,500, kodi inakaribia theluthi ya bei ya umeme wake. Nyumba ya chini yenye bwawa la kuogelea Masaki inalipa 1,500 hiyo hiyo.

Mthamini wa Pwani

Ndiyo maana uthamini ulikuwepo. Ulikuwa ghali na orodha zake zilikuwa zimepitwa na wakati, nakubali, lakini kati ya kuthamini kila nyumba na kutoza wote sawa kuna njia: madaraja kwa eneo na ukubwa wa jengo. Diwani peke yake hawezi kubadilisha, kiwango kinawekwa na Bunge kwenye Sheria ya Fedha kila Juni. Maoni ya wananchi hupokelewa na Kamati ya Bunge ya Bajeti kabla muswada haujapita. Vyama vya wapangaji na wenye nyumba viandike mapema, kwa hesabu kama hiyo ya uniti 40.

Mkazi wa Yombo, mama aanze na jina la mita Jumatatu. Barua ya mtaa ikiandikwa, iweke hapa bila majina wala namba za mita, tuipitie kabla hajaipeleka.