Msimamizi wa mirathi anasema muda wa wadai umepita. Deni la marehemu limekufa?

Kokotoo:
Wakuu, habari za majukumu. Fundi mjenzi alichukua dukani saruji mifuko 180 kwa mkopo, kila mfuko Sh 17,000, jumla Sh 3,060,000. Alitanguliza milioni moja, ikabaki 2,060,000 ya kulipwa ifikapo 30 Aprili 2024. Karatasi ya makubaliano ipo, na saini yake ipo. Agosti mwaka huohuo akafariki. Mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania, na msimamizi anamwambia mwenye duka kwamba siku zilizotajwa kwenye tangazo la maombi ya usimamizi zimekwisha, hana chake tena. Ni kweli? Na adaiwe nani, mjane au msimamizi?

Mizani:
Si kweli, mkuu. Siku za tangazo lile ni za kumpinga anayeomba usimamizi, hazifuti deni la mtu. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6 tangu siku deni lilipopaswa kulipwa. Hapo ni hadi Aprili 2030, na asitegemee kwamba kifo kimesimamisha hesabu hiyo.

Lakini asistarehe na hiyo miaka 6. Muda unaombana ni mwingine kabisa: miezi 4. Kanuni ya 10 ya GN 49 ya 1971 (Tangazo la Serikali lenye kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo) inamtaka msimamizi, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe (mahakama inaweza kumwongezea), awasilishe Fomu Na. V yenye mali na madeni yote ya marehemu. Deni lisipoandikwa humo, mali itagawiwa kana kwamba halipo.

Anayedaiwa ni msimamizi, kwa nafasi yake hiyo. Mjane halipi deni la marehemu kutoka mfukoni mwake. Watu wengi humshitaki mjane kwa kuwa ndiye wanayemfahamu, shauri linatupwa, na miezi ndiyo hiyo imekwenda.

Karani Mstaafu:
Naongezea upande wa utekelezaji. Aandike barua ya madai kwa msimamizi, ataje namba ya shauri la mirathi, kiasi, tarehe ya mkopo na tarehe ya kulipa, aambatanishe nakala ya makubaliano na risiti. Nakala moja aipeleke masjala ya mahakama hiyohiyo, na yake abaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Risiti za mashine azitoe kopi leo, maana wino wake hufifia na baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe.

Kisha aombe kuona Fomu V. Asiangalie orodha ya nyumba na viwanja, aende moja kwa moja kwenye madeni. Mara nyingi utakuta pameandikwa neno moja tu: "Hakuna". Akikuta hivyo, aiombe mahakama iliyofungua mirathi iamue, kwa sababu kanuni ya 8 ya GN hiyohiyo inaipa mamlaka ya kuamua swali la deni la marehemu kulipwa kutoka kwenye mirathi. Msimamizi akikaidi, kanuni ya 9 inamruhusu hata mdai, si warithi peke yao, kuomba uteuzi utenguliwe.

Kokotoo:
Shukrani sana. Je, akikuta mirathi imeshafungwa?

Mizani:
Hapo njia inakuwa nyembamba. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba msimamizi akishawasilisha orodha na hesabu, na mirathi ikafungwa, hakuna tena usimamizi wa kutengua. Kinachobaki ni kumbana yeye binafsi: Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linamtaka alipe madeni kwanza ndipo agawe, na akitumia mali ya mirathi isivyo, afidie hasara. Ile nakala yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba alijua deni lipo na bado akagawa.

Karani Mstaafu:
Wenye mirathi Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu wasichanganye. Huko inatumika Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kifungu cha 107: orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka 1.